Kati ya Wangapi? Kuwafundisha Wanafunzi wa Mawasiliano Kusoma na Kuandika Takwimu

*Hii ni hotuba ya mwalimu wa mawasiliano kwa wajumbe wa kamati za maendeleo za parokia na wafadhili. Tunaichapisha kwa ukamilifu kwa faida ya wasomaji wetu ambao hawakuweza kuhudhuria.*





Nimeombwa kuzungumzia ufundishaji wa takwimu kwa wanafunzi wa mawasiliano. Najua neno takwimu peke yake linaweza kumletea mtu usingizi, hasa wakati kama huu ambapo harufu ya chakula cha mchana imekwisha kutufikia. Hata hivyo naomba mnivumilie, kwa sababu jambo hili linawahusu ninyi kuliko mnavyodhani. Namba mnazoandika kwenye taarifa zenu za robo mwaka, na namba ambazo wafadhili wanazisoma kabla ya kuamua kutoa au kutokutoa, zinapitia mikononi mwa vijana tunaowafundisha. Wao ndio wanaoandika habari za redio za Kanisa, majarida ya jimbo, vipeperushi na taarifa za miradi. Wakikosea namba, maskini ndiye anayelipa.

Kwa nini wanafunzi wa mawasiliano?

Kanisa katika nchi yetu limefundisha waandishi kwa muda mrefu. Chuo cha Nyegezi, Mwanza, kilianzishwa mwaka 1960, na mwaka 1998 kikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Katika vyuo vya namna hiyo mwanafunzi hujifunza kuandika habari, kuhoji watu, kutunza maadili na kutumia vyombo vya kisasa. Lakini wengi wanaokuja kusoma mawasiliano wamekuja huku wakiikimbia hesabu. Mwanafunzi aliyeteseka na hesabu tangu darasa la tano anajua kwamba katika fani hii atatumia lugha, na kwamba hesabu amezipa mgongo milele.

Siku ya kwanza kazini anakutana nazo tena. Anapewa taarifa ya bajeti, matokeo ya sensa, asilimia za ufaulu, kiwango cha maambukizi, idadi ya walionufaika na mradi. Kwa kuwa hana namna ya kuzihoji, anazinakili. Mwandishi huyo ambaye hawezi kumwacha mwanasiasa apite bila swali, anaiacha namba ipite bila swali hata moja. Anaiona kama jiwe lililochongwa, wakati namba yoyote imetengenezwa na watu: kuna aliyeamua nini kihesabiwe, kuna aliyehesabu, na kuna aliyejumlisha.

Kwa sababu hiyo, hatuanzi kwa kuwafundisha kanuni za hesabu. Tunaanza kwa kuwafundisha maswali. Leo nitawaeleza maswali matano. Kila moja lina mfano wake, na kila moja mnaweza kulitumia kesho asubuhi kwenye ofisi ya parokia.

Swali la kwanza: Kati ya wangapi?

Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya Tanzania Bara ulionyesha kwamba mwaka 2011/12 watu waliokuwa chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi walikuwa asilimia 28.2. Mwaka 2017/18 walikuwa asilimia 26.4. Mwandishi mmoja akiandika kwamba umaskini umepungua, amesema kweli. Lakini katika miaka hiyohiyo idadi ya watu iliongezeka, na kwa hiyo idadi ya maskini ilipanda kutoka takriban milioni 12 hadi takriban milioni 14. Mwandishi mwingine akiandika kwamba maskini wameongezeka, naye amesema kweli.

Nani basi anadanganya? Hakuna, ila kila mmoja amempa msomaji nusu ya habari. Asilimia inaeleza sehemu ya kitu kizima, na kile kitu kizima kinaweza kukua. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu milioni 44.9, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu watu 61,741,120. Katika nchi inayokua kwa kasi hiyo, mtu anayetaja asilimia peke yake, au idadi peke yake, anamwacha msikilizaji gizani. Mwanafunzi wetu anafundishwa kutoa zote mbili.

Swali hilihili lina uzito mkubwa kwenye habari za afya. Mwezi Oktoba mwaka 1995 mamlaka za dawa za Uingereza zilitoa tahadhari kwamba aina fulani mpya za vidonge vya uzazi wa mpango huongeza mara mbili hatari ya damu kuganda. Vyombo vya habari vikaitangaza kwa herufi kubwa kama ongezeko la asilimia mia moja. Wanawake wengi waliingiwa na hofu na kuacha vidonge ghafla, na mwaka uliofuata mimba zisizotarajiwa na utoaji mimba viliongezeka kwa maelfu. Kumbe ongezeko lenyewe lilikuwa kutoka mwanamke mmoja hivi hadi wawili hivi katika kila wanawake 7,000. Msimamo wa Kanisa letu juu ya vidonge hivyo unajulikana na sikuja kuujadili. Ninachotaka mkione ni kwamba neno "mara mbili", lilipotajwa bila kusema kati ya wangapi, lilileta maafa ambayo hata waliotoa tahadhari hawakuyataka.

Swali la pili: Nani ameachwa nje ya hesabu?

Mwinjili Mathayo anaposimulia muujiza wa mikate mitano na samaki wawili, anatutaarifu kwamba waliokula walikuwa wanaume wapatao elfu tano, na anaongeza kwamba wanawake na watoto hawakuhesabiwa. Wengi wetu tumesoma habari hiyo mara nyingi bila kutambua kwamba Mathayo ametufanyia jambo ambalo taarifa nyingi za miradi hazifanyi: ametaja ambao hawamo katika hesabu. Msomaji anajua mara moja kwamba umati ulikuwa mkubwa kuliko elfu tano.

Mfano wa mtu asiyetaja walioachwa unatoka Marekani. Mwaka 1936, gazeti lililoitwa *Literary Digest* liliwatumia watu kama milioni 10 karatasi za kura ya maoni kuhusu uchaguzi wa rais. Zaidi ya milioni 2 walijibu. Kwa wingi huo gazeti lilitangaza kwa uhakika kwamba Alf Landon atamshinda Franklin Roosevelt. Uchaguzi ulipofika, Roosevelt alishinda katika majimbo 46 kati ya 48. Kosa lilikuwa wapi? Majina yalichukuliwa kwa sehemu kubwa kutoka kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari. Wakati ule wa dhiki kuu ya uchumi, mwenye simu na gari hakuwa mtu wa kawaida. Tena hata kati ya waliopelekewa karatasi, waliojibu hawakufanana na wasiojibu. Mtafiti George Gallup, kwa sampuli ndogo zaidi lakini iliyochaguliwa kwa uangalifu zaidi, alitabiri ushindi wa Roosevelt.

Somo hili lina kazi hapa kwetu. Redio ikiomba wasikilizaji wapige simu watoe maoni, wanaopiga ni wenye salio. Kamati ikiuliza maswali baada ya Misa ya kwanza, imewasikia waliokuja Misa ya kwanza. Imemkosa mama aliyebaki nyumbani na mgonjwa, na imemkosa kijana aliyekwenda machimboni. Wingi wa watu hauponyi ubaya wa uchaguzi wao. Ukionja chumvi ya mchuzi bila kuukoroga, hata ukionja vijiko kumi bado umeonja sehemu ya juu tu.

Hapohapo tunawafundisha jambo jingine linalofanana nalo: namba iliyokosekana si sifuri. Mwaka 2020 nchi yetu ilitangaza kwamba wagonjwa wa korona waliothibitishwa walikuwa 509 na waliofariki 21. Baada ya hapo utoaji wa takwimu ulisimama hadi katikati ya mwaka 2021. Mtu aliyetazama jedwali la dunia katika miezi ile aliiona 509 imesimama palepale kana kwamba ugonjwa umesimama. Mwandishi aliyefundishwa anaandika kwamba takwimu hazikutolewa. Haandiki kwamba ongezeko halikuwepo. Vivyo hivyo, zahanati isiyo na daftari la vifo haiwezi kujisifu kwamba haina vifo.

Swali la tatu: Namba hii imetoka wapi, na imepita mikononi mwa nani?

Mwanasosholojia wa Marekani, Joel Best, katika kitabu chake cha mwaka 2001, anasimulia kisa ambacho tunakitumia kila mwaka darasani. Taarifa moja ya mwaka 1994 ya shirika la kutetea watoto ilieleza kwamba idadi ya watoto wa Marekani wanaouawa kwa bunduki kila mwaka imeongezeka mara mbili tangu mwaka 1950. Mwandishi wa makala katika jarida la kitaaluma akaichukua, kisha akaandika kwamba kila mwaka tangu 1950 idadi hiyo imeongezeka mara mbili.

Angalieni vizuri. Maneno ni karibu yaleyale, yamebadilishwa nafasi tu. Sasa tufanye hesabu kama tunavyofanya darasani. Tuseme mwaka 1950 aliuawa mtoto mmoja tu. Mwaka 1951 wangekuwa wawili, mwaka 1952 wanne, mwaka 1953 wanane. Mwaka 1960 wangekuwa 1,024. Mwaka 1980 wangezidi bilioni moja. Kufika mwaka 1995 wangekuwa zaidi ya trilioni 35, idadi ambayo dunia nzima haijawahi kuwa nayo tangu kuumbwa. Sentensi hiyo ilikuwa imeandikwa na msomi.

Huwa nawaambia wanafunzi kwamba kisa hiki ni chetu kabisa, kwa sababu kosa halikuwa la hesabu. Lilikuwa kosa la lugha, na lugha ndiyo kazi yetu. Mtu wa mawasiliano ndiye anayehamisha namba kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine, na mara nyingi kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili. Katika safari hiyo ndipo namba inapovunjika mguu. "Imeongezeka kwa asilimia 5" na "imefika asilimia 5" si kitu kimoja. Kutoka asilimia 10 hadi asilimia 15 ni ongezeko la pointi tano, lakini ukilinganisha na ulikoanzia ni ongezeko la nusu nzima. Mwanafunzi asiyeona tofauti hiyo anaweza kuwa na Kiswahili fasaha na bado akawapotosha wasikilizaji wake wote.

Swali la nne: Tuna uhakika kiasi gani?

Zoezi moja tunalolipenda halihitaji kompyuta. Tunachukua maharage 1,000, kati yake 300 mekundu na 700 meupe, tunayachanganya katika ndoo. Kila mwanafunzi, akiwa amefumba macho, anachota 50, anahesabu mekundu, kisha anarudisha. Ukweli wa ndooni unajulikana: asilimia 30, yaani 15 katika kila 50. Lakini mmoja anapata 12, mwingine 17, mwingine 15, mwingine 19. Hakuna aliyekosea kuhesabu. Ndivyo sampuli ilivyo. Inakusogeza karibu na ukweli, na haikufikishi penyewe hasa.

Baada ya hapo tunafungua takwimu za vifo vya akina mama vitokanavyo na uzazi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2010 ulikadiria vifo 454 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2015/16 ulikadiria 556. Mtu akitazama namba hizo mbili haraka anaandika kwamba vifo vimeongezeka. Lakini utafiti wenyewe ulitoa mipaka: kadirio la 2010 lingeweza kuwa popote kati ya 353 na 556, na la 2015/16 popote kati ya 446 na 666. Mipaka hiyo inapandiana. Ni kama wanafunzi wawili waliochota ndoo ileile, mmoja akapata 14 na mwenzake 17. Kwa takwimu hizo pekee mwandishi hakuwa na haki ya kutangaza ongezeko, wala hakuwa na haki ya kutangaza nafuu.

Utafiti wa mwaka 2022 ulikadiria vifo 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Hapo pengo ni kubwa sana, hata ukilinganisha na mpaka wa chini wa utafiti uliotangulia. Ni habari njema na tunamshukuru Mungu. Hata hivyo mwanafunzi anatakiwa aieleze ilivyo. Ni vifo 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Si akina mama 104 waliofariki nchi nzima, na si wanawake 104 katika kila wanawake 100,000. Tofauti hiyo ndogo ya maneno inabadilisha habari nzima.

Swali la tano: Ni nini kilichosababisha?

Hapa naomba tuvumiliane kidogo, kwa sababu panatugusa sote tulio katika kazi za maendeleo. Tuchukue mfano wa kubuni. Parokia imeendesha mradi wa kuwaelimisha wakunga kwa miaka mitano. Vifo vya akina mama katika eneo lake vimepungua kwa nusu. Taarifa inaandikwa kwamba mradi umepunguza vifo kwa nusu. Je, tumeuliza yaliyotokea katika parokia jirani isiyokuwa na mradi? Ikiwa huko nako vimepungua kwa nusu, huenda sababu ni barabara mpya, au kituo cha afya cha Serikali kilichofunguliwa tarafani, au yote kwa pamoja. Mradi wetu unaweza kuwa ulisaidia. Lakini hatuwezi kuvuna shamba lote wakati tulilima tuta moja.

Kumfundisha mwanafunzi kuandika "katika kipindi hiki vifo vilipungua" badala ya "tulipunguza vifo" si kumfundisha woga. Ni kumfundisha kutokuchukua sifa isiyo yake.

Tuyapeleke maswali haya kisimani

Ili msiondoke hapa mkidhani haya ni mambo ya Marekani na Uingereza, tuyajaribu kwenye mradi mnaoufahamu wote. Tuseme taarifa inasema kisima cha parokia, chenye bomba moja la kuchotea, kinahudumia watu 5,000.

Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka vipimo vya huduma ya maji vijijini: lita 25 kwa mtu kwa siku, umbali usiozidi mita 400, na kituo kimoja cha kuchotea kwa watu 250. Haya, tuhesabu. Watu 5,000 mara lita 25 ni lita 125,000 kwa siku. Ndoo yetu ya kawaida ni lita 20, kwa hiyo zinahitajika ndoo 6,250. Bomba likijaza ndoo moja kwa dakika moja, bila kupumzika, kwa saa 12 za mchana, tutapata ndoo 720. Hizo ni lita 14,400, ambazo kwa kipimo cha sera zinawatosha watu 576. Na hapo hatujahesabu ugomvi wa foleni.

Watu 5,000 wametoka wapi basi? Mara nyingi ni idadi ya wakazi wa kata nzima. Aliyeandika hakukusudia kudanganya. Aliulizwa walengwa ni wangapi, akachukua namba ya kata, akaiandika. Mwandishi wa jarida akaichukua, mfadhili akaisoma, na mwaka uliofuata kijiji kile hakikupata bomba la pili kwa sababu kwenye karatasi kilikuwa kimekwisha kuhudumiwa. Ndiyo maana nilisema tangu mwanzo kwamba namba mbaya hulipwa na maskini. Wale watu 4,424 waliopewa maji kwenye karatasi wanaendelea kwenda mtoni, na hakuna atakayewakumbuka.

Niongeze neno fupi kuhusu wastani. Kikundi cha kuweka na kukopa kina wanachama kumi. Tisa wamepata faida ya shilingi 20,000 kila mmoja, na mmoja mwenye duka amepata shilingi 1,000,000. Wastani ni shilingi 118,000. Hakuna hata mmoja katika kikundi hicho aliyepata kiasi kinachokaribia hicho. Ukiwapanga kwa mstari kutoka wa chini hadi wa juu ukamtazama aliye katikati, amepata shilingi 20,000, na huyo ndiye anayewakilisha wenzake. Tunawafundisha wanafunzi kwamba wastani unapotajwa, wamtafute mtu wa katikati wamsikilize.

Ninachowaomba ndugu wa kamati

Kwanza, wapokeeni wanafunzi wetu na muwafungulie madaftari yenu. Darasani tunaweza kuwapa maharage, lakini daftari la kamati ya maji, la zahanati, la shule ya awali na la kikundi cha akina mama ndilo linalowakomaza. Humo watakuta kurasa zilizolowa, miezi iliyorukwa na mwandiko wa watu watatu tofauti. Ni vizuri wakutane na hayo mapema, wajue kwamba namba safi ya kwenye taarifa imezaliwa hapo.

Pili, katika taarifa zenu, kila namba muhimu iambatane na sentensi moja inayosema nani amehesabu, lini, na kwa njia gani. Sentensi moja inatosha. "Tulihesabu ndoo kwa siku tatu za Septemba" ina thamani kuliko "maelfu ya watu wamenufaika".

Tatu, mkiwa na namba ndogo, iandikeni ndogo. Mchungaji wa kwenye Injili aliyeacha kondoo tisini na tisa akamfuata mmoja aliyepotea, alijua kwamba mmoja amepotea kwa sababu alikuwa amewahesabu. Asiyehesabu hawezi kujua aliyekosekana.

Ninachowaomba ndugu wafadhili

Nanyi nitawaambia kwa upendo, maana mmetuzoesha kusema ukweli. Fomu ikiuliza tu wanufaika ni wangapi, na ikawa wazi kwamba mwenye wengi ndiye anayepewa, basi mtaletewa wengi. Katibu wa parokia ana watoto wa kusomesha kama mtu mwingine yeyote, na anajua fomu inapenda nini. Kwa mantiki hiyo, ubora wa namba mnazopata unaanzia kwenye maswali mnayouliza.

Ulizeni kati ya wangapi. Ulizeni nani hajafikiwa. Tengeni fungu dogo katika kila mradi kwa ajili ya kuhesabu: nauli ya kijana wa kwenda kuhesabu ndoo, daftari gumu, kalamu, siku mbili za mafunzo. Na taarifa ikija ikisema lengo lilikuwa familia 200 na zimefikiwa 85, msikimbilie kufunga mkoba. Muulizeni aliyeileta kwa nini, kwa sababu mtu huyo amekupeni kitu cha thamani. Mkimwadhibu, mwaka ujao atawaletea 200, na hamtaijua hali halisi tena.

Hitimisho

Maandiko yanalaani mizani ya hadaa na kuwataka watu wa Mungu wawe na vipimo vya haki. Zamani sokoni kipimo kilikuwa pishi na kibaba, na mfanyabiashara mwovu alijulikana kwa kibaba chake chenye kitako kilichobonyezwa ndani. Siku hizi sehemu kubwa ya biashara yetu ya huruma inafanyika kwa karatasi, na kibaba chetu ni namba. Ikiwa imebonyezwa kitako, hata kwa nia njema, kuna mtu atakayepata pungufu ya haki yake.

Hatutegemei kila mwanafunzi wa mawasiliano awe mtaalamu wa takwimu. Tunataka tu kwamba akikutana na namba ainue mkono aulize: kati ya wangapi, nani ameachwa, imetoka wapi, tuna uhakika kiasi gani, na ni nini kilichosababisha. Akija kwenu na maswali hayo, msimwone mkorofi. Mpeni kiti, mpeni daftari, na mumjibu.